Uongofu wa Baa ya Kumi

Tarehe mosi Machi, mwaka 2004, Idara ya Uongofu ya Supamaketi za Dunwiddy iliutangazia umma kwamba, ifikapo tarehe thelathini Juni, hakuna mkazi wa Houston wala Dallas atakayetembea zaidi ya dakika nne kufuata maziwa. Kwa kuwa mkazi wa Houston hatembei, na wa Dallas hajui hata kwamba inawezekana, tangazo lilipita bila pingamizi. Idara ikajiandikia barua ya pongezi na kujijibu kwa shukrani.

Njia ya kulifikia lengo ilikuwa nyepesi. Shirika lilinunua jengo lenye baa, likawatoa wanywaji, likaingiza friji, mikate na mashine ya kahawa. Kwenye karatasi za Kiingereza kazi hii iliitwa ubadilishaji tu. Patroba Omware, Afisa Mwandamizi, aliliona neno hilo jembamba. Alikuwa pia mzee wa kanisa la Wakenya kule Katy, na kwa maoni yake baa ikigeuka duka la maziwa haijabadilika, imeongoka. Akaandika kwa herufi kubwa IDARA YA UONGOFU, akabandika mlangoni pa ofisi. Wakubwa wa ghorofa ya tisa hawakujua maana yake, na kwa sababu hiyo waliiheshimu.

Kabla ya kuja Marekani Patroba alikuwa karani kule Kenya, katika ofisi ya DO, mkuu wa tarafa, kwa miaka kumi na mmoja. Huko alijifunza kwamba jambo lisilo na fomu halijatokea, hata kama limekuvunja mguu. Basi akatunga Fomu Namba Saba, ya kupima Kukaa Bure. Mahali popote ambapo watu hukaa zaidi ya dakika arobaini juu ya kinywaji kimoja, wakizungumza mambo yasiyowahusu, palipewa alama. Palipozidi alama sitini palistahili kuongoka. Alitia sahihi fomu mia mbili kwa mkupuo mmoja, ili asiicheleweshe kazi ya taifa, ingawa taifa lenyewe hakulitaja ni lipi.

Baa tisa zilikuwa zimekwisha kuongoka. Katika moja, kule Missouri City, wazee waliokuwa wakicheza dhumna walihamishiwa penye chakula cha mbwa, bila viti. Walisimama siku mbili, wakatawanyika kila mtu na njia yake. Patroba aliandika katika ripoti: "Wateja wameyapokea mabadiliko kwa miguu yote miwili."

Ilibaki ya kumi. Hiyo ingemfanya Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa na maegesho yenye kivuli. Mtu aliyewahi kushika usukani wa gari lililolala juani Houston mwezi wa Agosti hatauliza kwa nini Patroba aliitaka nafasi hiyo. Wengine wamlaumu tu.

Baa ya kumi iliitwa Klabu ya Tuonane. Ilikuwa Dallas, kusini mwa mto, na mwenyewe alikuwa Mama Kwamboka.

Patroba aliendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka Katy akiwa na faili. Alimkuta Kwamboka akipanga glasi.

"Karibu, Patroba. Umepotea sana. Keti ule."

"Nimekuja kikazi, Mama. Siwezi kula mahali ninapopafunga. Ni mgongano wa maslahi."

"Kazi haina miguu, haitakimbia. Kula kwanza."

Alikula. Ila hakuandika.

"Sasa niambie," Kwamboka alisema alipoona sahani imekauka. "Mwaka wa tisini na sita ulifika mjini hapa hujui mtu. Nani alikupokea? Nilikujazisha fomu?"

"Mama, hilo ni suala la kibinafsi, nami leo nipo rasmi."

"Haya, rasmi basi. Bisimwa alipofiwa na mamake juzi, watu walikaa hapa siku nne. Wacuka na wenzake wakitoka zamu ya hospitali asubuhi, chai yao iko hapa. Mtu akishuka ndege hana wa kumpokea, simu inapigwa hapa. Ukishaweka friji zako, siku ukifiwa wewe, watu wakae wapi? Katikati ya mayai?"

Patroba alisikia kitu kikimchoma chini ya tai. Ilikuwa ni aibu, na aliijua kuwa ni aibu, maana haikuwa mara yake ya kwanza kukutana nayo. Akafungua faili na kuandika: "Mwenye baa ameulizia nafasi ya mayai."

Hata hivyo palikuwa na kikwazo cha kisheria. Upande ule wa Dallas, wakati ule, pombe haikuruhusiwa kuuzwa hadharani. Iliruhusiwa katika klabu tu, na klabu lazima iwe na wanachama, na wanachama lazima wawe na kamati. Kumwambia Mkenya kwamba sheria inamlazimisha kuunda kamati ni kumwambia samaki kwamba sheria inamlazimisha kuoga. Tuonane ilikuwa na kamati, katibu, katiba ya kurasa thelathini, na mkataba wa kupanga uliosema kwamba klabu haitaondoka katika jengo lile, hata jengo likiuzwa, mpaka wanachama wenyewe waivunje katika mkutano halali.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Shamsudin, mtu wa Mombasa, dereva wa basi la uwanja wa ndege, ambaye hajaionja pombe tangu azaliwe. Wanachama walimchagua kwa busara: walitaka mtu ambaye kila kikao kitamkuta anaona vizuri. Yeye alikuja kwa ajili ya mazungumzo na mishkaki, ambayo aliichoma mwenyewe kwenye jiko lake, nje, mbali na glasi.

"Mimi ni mwenyekiti wa viti na makelele," alikuwa akiwaeleza wageni. "Vinywaji si idara yangu."

Alipoelezwa nia ya shirika hakukasirika. "Sisi hatukatai, bwana. Kwani nani kakataa? Lakini klabu haifi hivihivi. Hata maiti husubiri watu wake. Itisha mkutano."

Patroba alirudi Katy akiimba ndani ya gari. Mkutano! Angeweza kuendesha mkutano akiwa usingizini, na ofisi ya DO ilikuwa imempa mazoezi ya jambo hilo hasa. Alimwandikia Bwana Tarpley, Makamu wa Rais wa shirika, akamshauri afike mwenyewe kama mgeni rasmi. Alieleza kwamba kwa Wakenya mgeni rasmi ni mtu anayeletwa ili watu wakubali jambo ambalo wasingelikubali bila yeye. Tarpley, ambaye kwa miaka ishirini na sita kazini hakuwahi kuombwa aende mahali, alikubali siku hiyohiyo.

Barua ya mwaliko ilisema saa nane mchana, Jumamosi. Saa nane kamili Tarpley aliingia na viatu vyake vya kichunga ng'ombe, akamkuta Shamsudin peke yake.

"Watu wako njiani," Shamsudin alimwambia kwa Kiingereza cha uwanja wa ndege, akampa kijiti cha mishkaki.

Watu walikuwa njiani mpaka saa kumi na nusu. Tarpley alikula vijiti kumi na viwili. Saa kumi na nusu akidi ilitimia, Wacuka akafungua kwa sala, Shamsudin akaongeza dua ili pande zote mbinguni zisiwe na lalamiko. Zikafuata taarifa za waliokosa kuja, zilizoletwa na waliokuja. Kisha Wacuka, ambaye ndiye katibu na ambaye hospitalini huandika hali ya mgonjwa kila baada ya saa moja, alisoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Zilikuwa kurasa kumi na nne, zote kuhusu kiti kimoja kilichopotea. Zilithibitishwa baada ya masahihisho tisa. Kisha kila mtu alisimama akataja jina na kwao, na aliyetaja kwao alieleza pia njia ya kufika.

Tarpley alimwinamia Patroba. "Huwa inachukua muda gani?"

"Tumekwisha kupita sehemu ngumu, mheshimiwa."

Ikasomwa risala. Risala ilimwambia mgeni rasmi matatizo yote ya klabu, kuanzia bomba la choo mpaka ugumu wa kupata unga mzuri wa mahindi Dallas. Tarpley aliombwa kujibu. Alisimama, akasema amefurahi sana. Wakampigia makofi ya kilo, ya mpangilio, na uso wake ukawa mwekundu kwa raha.

Ndipo Patroba alipoleta hoja: klabu ivunjwe.

"Nani anaunga mkono?" Shamsudin aliuliza.

Mikono yote ilinyanyuka. Hata wa Kwamboka.

"Imepita kwa kauli moja," alisema Shamsudin.

Patroba alikaribia kulia. Aliona kivuli cha maegesho kikimshukia begani. Alikuwa ameanza kukusanya karatasi wakati Wacuka alipoinua kalamu.

"Bwana Mwenyekiti, utekelezaji. Tumepitisha vizuri, lakini nani atatekeleza?"

"Kamati ndogo," alisema mtu nyuma, kwa sauti ya mtu aliyetaja jina la mwanawe.

"Kamati ndogo ya Kuivunja Klabu," Wacuka aliandika. "Mwenyekiti wake nani? Mwanachama hawezi. Bwana Patroba mwenyewe alisema kuna kitu kinaitwa mgongano wa maslahi."

"Nilisema," Patroba alikiri, kwa fahari.

"Basi tunahitaji mtu wa nje, mwenye hadhi. Mlezi."

Hapa ndipo historia ya Supamaketi za Dunwiddy ilipochukua kona. Patroba angeweza kunyamaza. Lakini kamati ilikuwa inaundwa, mkubwa wake alikuwa ameketi palepale, na bado hajapendekezwa. Katika ofisi ya DO mtu aliyeruhusu jambo kama hilo alihamishiwa mahali pasipo na barabara. Miaka kumi na mmoja ya utumishi ilimnyanyua mkono kabla akili haijafika.

"Napendekeza mheshimiwa Bwana Tarpley."

"Naunga mkono," alisema Kwamboka upesi, mtu asije akafikiri.

Tarpley alivishwa joho la kitenge. Akapewa usinga wa mkia wa ng'ombe na kigoda cha miguu mitatu cha Wakisii, akaimbiwa, akachezewa mpaka akacheza. Shirika lake, baada ya miaka ishirini na sita, lilikuwa limempa kikombe cha kahawa chenye jina lililokosewa. Alifuta macho kwa ncha ya joho na akasema ataifanya kazi hii kwa uaminifu. Hakusema uongo, na balaa yote ilitokana na hilo.

Kwa mujibu wa katiba, kamati ndogo ilipaswa kukutana kila Jumamosi, pale klabuni, mlezi akiwapo mwenyewe, na kikao kisingefunguliwa kabla mlezi hajala. Jumamosi ya kwanza walihesabu viti. Ya pili walijadili kama benchi ni kiti kimoja au vinne. Ya tatu ripoti ya viti ilirudishwa kwa kuwa, wakati wa kuhesabu, baadhi ya viti vilikuwa vimekaliwa na Wacuka alisisitiza kwamba kiti chenye mtu hakionekani chote. Ya nne hapakuwa na akidi, lakini kwa kuwa mlezi alikwisha kula, walikaa tu.

Jumamosi ya tano Patroba alisimama. Saa nne kwenda na saa nne kurudi, kila wiki, zilikuwa zimempa macho mekundu kama ya sungura.

"Mheshimiwa Mlezi, naomba tuchukulie benchi ni benchi, tuendelee."

Tarpley alinyanyua usinga. Tayari alikuwa na Kiswahili kidogo, kilichochaguliwa kwa makini. "Kupitia kwa kiti, Patroba."

"Lakini kiti ni wewe, mheshimiwa."

"Ndiyo. Sasa pitia."

Wanachama waliguna kwa kuridhika. Kwamboka alimwongezea mlezi kachumbari.

Kadiri siku zilivyokwenda Tarpley aliona suala la viti linahitaji wataalamu. Akawaita maafisa wa Idara ya Uongofu kutoka Katy, wawili kwanza, kisha wanne, mwisho saba. Walianza kuja Ijumaa ili wawahi. Kisha Alhamisi, ili waipumzishe miili kabla ya Ijumaa. Patroba aliandika ripoti kila wiki kupeleka ghorofa ya tisa. "Uongofu wa Tuonane umefikia asilimia sitini na moja." "Asilimia themanini na nane." Wiki ya tisa alifika asilimia tisini na tisa, akakwama hapo, maana hesabu ilikuwa imemwishia na klabu bado ilikuwa imejaa watu.

Ghorofa ya tisa aliishi Rais wa shirika, ambaye alikuwa ameahidi baa kumi mbele ya wenye hisa. Ilipofika tarehe ishirini Juni, akiwa na tisa mkononi, alitoa amri fupi: wakaguzi waende katika kila jengo la shirika, wachukue Fomu Namba Saba, waitafute baa ya kumi popote ilipo.

Wakaguzi walikuwa wawili, kutoka tawi la Fort Worth, wageni kabisa na makao makuu. Siku ya Ijumaa waliingia katika jengo moja Katy, ghorofa ya chini. Walikuta viti kumi na kimoja, birika la kahawa, na watu watatu ambao wenzao hawakujulikana walipo. Mmoja alikuwa kwenye simu akieleza harusi ya binamu yake. Wawili walibishana kuhusu mpira. Wakaguzi walikaa pembeni na saa zao. Dakika arobaini zikapita, kisha themanini, na kilichotumika ni kikombe kimoja cha kahawa kwa watu watatu. Waliuliza mahali hapa panafanya biashara gani. Waliambiwa mhusika yuko kwenye kikao.

Bango la mlangoni lilikuwa katika lugha wasiyoijua. Waliandika kuwa ni jina la baa, kwani Texas ina baa zenye majina ya ajabu kuliko hilo. Alama zilifika tisini na saba, ambazo hazikuwahi kupatikana tangu fomu itungwe. Sahihi ya Afisa Mwandamizi ilikuwepo tayari chini ya ukurasa. Mafundi waliingia Jumatatu.

Patroba, aliyekuwa amebaki Dallas kuomboleza asilimia yake moja, alirudi Katy asubuhi ya tarehe thelathini Juni. Mlango wa ofisi ulifunguka wenyewe alipoukaribia, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Ndani palinukia mkate. Pale palipokuwa na meza yake paliwekwa friji ya maziwa yenye vioo vitatu, na ndani ya friji, kwa mpangilio mzuri, mayai. Mwanamke mmoja alimwomba asogee, alikuwa anataka mtindi.

Barua ilimsubiri kwa keshia. Rais alimpongeza kwa kukamilisha uongofu wa kumi siku ya mwisho ya muda uliowekwa. Kuanzia kesho yeye ni Mkurugenzi wa Idara ya Uongofu. Ofisi yake atatengewa ndani ya idara hiyo. Kwa kuwa lengo limetimia, shirika halina haja tena na Tuonane, na jambo hilo libaki mikononi mwa kamati ndogo mpaka litakapomalizika lenyewe. Patroba alitoka nje kwenda kuangalia maegesho yake. Kivuli kilikuwepo kweli, kizuri, kipana, na chini yake zilipangwa troli za wateja.

Alisimama juani muda mrefu. Alijisikia mjinga, na mpweke kuliko siku aliyoshuka ndege.

Jumamosi iliyofuata alifika Tuonane saa nane, akasubiri mpaka saa kumi na nusu kama watu wengine. Baada ya sala, dua na kumbukumbu, aliomba kusema. Alisema ofisi yake imeongolewa bila kushauriwa, akasema idara si jengo tu, idara ni watu, na watu wanahitaji mahali pa kukaa. Aliiomba klabu ipeleke pingamizi.

Shamsudin alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Wacuka. "Katibu, huyu ni mwanachama?"

Wacuka alifunua daftari. "Hayumo. Alijiandikisha tisini na sita, akaacha mwaka wa elfu mbili alipohamia Katy."

"Basi hatujamsikia. Siku zile alisema kwa niaba ya mgeni rasmi, leo anajisemea. Si kwa ubaya, bwana. Asiye mwanachama tunamwona, lakini hatumsikii."

"Naomba uanachama, basi," alisema Patroba. "Leo."

"Karibu sana. Unatakiwa wadhamini wawili wanaokufahamu."

Patroba alimtazama Tarpley, ambaye alikuwa akikuna mgongo kwa usinga.

"Mimi namfahamu kikazi tu," alisema mlezi kwa Kiingereza, kwa masikitiko ya kweli, na Wacuka akaandika.

Maafisa saba wa Katy waliangalia viatu vyao. Halafu Kwamboka akanyanyua mkono kutoka nyuma ya kaunta, bado umeshika kitambaa.

"Mimi namjua. Alikuja hapa hana kitu. Leo karudi vilevile."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza Patroba kuliko kama wangecheka.

"Mdhamini mmoja," Shamsudin alitangaza. "Bado mmoja. Ombi limeahirishwa hadi Jumamosi, Mungu akipenda na akidi ikitimia."

Kikao kikarudi kwenye suala la benchi. Patroba alibaki amesimama karibu na mlango, faili kwapani, hajui kama aende au abaki. Kwamboka alipita na sinia, akamwekea sahani kwenye ncha ya kaunta na kumsogezea maji ya kunawa.

"Kula, Mkurugenzi," alimwambia. "Sheria inamkataza asiye mwanachama pombe. Sukuma wiki haikuitaja."